Leseni Inaisha Agosti

Musoma, Julai 5

Nimenunua daftari hili hapa Nyasho kwa sababu la zamani limejaa majina ya wakulima na uzito wa magunia, na mwaka huu nataka mahali pa kuandika mambo mengine. Mama Dorotea, mwenye nyumba wangu, ameniuliza naandika nini. Nimemwambia naandika habari zangu, ili siku nikirudi Bungoma nisije nikasimulia uongo.

Basi niseme kweli tangu mwanzo. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya binafsi ambayo ilifungwa wakati wa korona na haikufunguliwa tena. Nikamfuata shangazi yangu katika biashara ya nafaka. Shangazi alikufa, mimi nikabaki. Huu ni msimu wangu wa tano Tanzania. Nanunua ulezi Butiama na Suguti, naupeleka Kisii kwa mama mwenye mashine ya kusaga unga wa uji. Nina kibali cha kukaa na nina leseni. Majirani wananiita Mkenya, na sijawahi kuona ubaya wake.

Julai 9

Upepo mkavu. Nimekagua magunia, ishirini na mbili yametobolewa na panya. Nimeshona.

Julai 13, Jumapili

Misa Nyegina na mama Dorotea. Ndiko alikozaliwa, na kila akienda lazima asimame kwenye kaburi la mumewe amweleze bei ya sukari.

Tulipotoka kanisani Fred alinipigia kwa video kutoka Nairobi. Fred ni mdogo wangu. Juzi tena waliandamana, na macho yake bado mekundu kwa moshi. Mama Dorotea aliinama juu ya simu akamtazama kwa huruma, kisha simu ilipokatika akasema, "Nyie Wakenya mnapiga kelele mpaka redio inachoka. Sisi tunanyamazaga."

"Mnanyamaza mkiwaza nini, mama?"

"Tunawazaga yale yale."

Nimecheka njia nzima. Lakini ukweli ni kwamba nimeupenda ukimya wa huku. Mtu anaweza kulala.

Julai 19

Butiama, kwa bibi Nyamburi. Nyumba yake iko pembeni kidogo ya Mwitongo, penye kaburi la Baba wa Taifa, unaona magari ya wageni yakipita vumbi juu. Ni mjane, shamba analima mwenyewe na mguu wake mbovu, na tangu msimu wa kwanza ulezi wake huniwekea mimi. Mwaka huu umechelewa, masuke mengine bado mabichi. Amesema mpaka mwisho wa Agosti ndipo utakuwa umekauka na kupurwa.

Alinionyesha paa. Nyasi zimeoza upande wa jikoni, unaona mbingu. Anataka mabati kabla ya mvua za vuli.

"Mwaka jana nimelala nimejifunika ndoo," alisema. "Mwaka huu nataka mvua niisikie. Nisiionje."

Nimemwahidi kwamba ulezi wake wote nitauchukua.

Julai 24

Ngolo, mvuvi wa jirani, ameleta sato wawili. Hakuna kingine.

Julai 31

Asubuhi mama Dorotea alibisha mlango kabla sijachemsha chai. Alikuwa ameshika simu mbali na uso, kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Amesoma kwa sauti, taratibu: serikali imetoa agizo, kuna biashara kumi na tano ambazo mtu asiye raia haruhusiwi tena kuzifanya. Saluni. Kutengeneza simu. Kutuma na kutoa pesa. Aliendelea mpaka akafika kwenye ununuzi wa mazao shambani. Hapo alinitazama, akarudia.

Mwenye leseni anaweza kuendelea mpaka iishe. Haitapewa nyingine.

Nilikwenda kuitoa leseni kwenye bahasha, ingawa tarehe naijua. Agosti 22.

Mama Dorotea alisema, "Hilo si kwa ajili yako. Hilo ni la wale wa Kariakoo waliojaza mitaa."

Nilisema ndiyo. Kisha nikaenda kuchemsha chai, nikasahau kutia majani.

Agosti 2

Mitandaoni ni matusi tu. Wakenya wanawatukana Watanzania kwamba ni wavivu, Watanzania wanatujibu kwamba tumezoea kuja kuvuna tusikopanda. Nimesoma mpaka shingo ikauma. Hakuna hata mmoja kati yao niliyemjua, lakini kila neno nililiona lina uso wa mtu ninayemsalimia asubuhi.

Fred amepiga. "Sista, unangoja nini huko? Hao wameshaamua. Rudi, na sisi tuwafukuze wa kwao."

"Utamfukuza nani, Fred?"

"Si wako wengi tu!"

Hakuweza kunitajia mmoja.

Agosti 6

Nilikuwa Butiama kwa habari ya turubai za kuanikia, nikakuta mkutano wa kijiji. Nilisimama nyuma kabisa na akina mama. Leonardi, mtendaji wa kijiji, alisoma agizo lote bila kuongeza neno lake. Ni mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi.

Kisha Stanislausi akaomba kusema. Stanislausi ni mwenyeji wa hapo, ana stoo ya nafaka Bunda, na misimu mitatu sasa tumekuwa tukigongana kwa wakulima wale wale. Alisema agizo limechelewa. Alisema wageni wanakuja na hela ya nje, wananunua lumbesa, gunia linashonewa kilemba mpaka linafanana na bibi harusi, halafu mwenye shamba analipwa gunia moja. Watu walicheka. Wachache waligeuka kunitazama, kisha wakatazama chini haraka, kwa aibu ambayo ilikuwa yangu.

Nimerudi na hasira. Kana kwamba yeye hanunui lumbesa! Kana kwamba wote hawanunui! Nimemweleza mama Dorotea, na yeye akasema Stanislausi tangu zamani ana wivu. Nimefurahi kusikia hivyo.

Agosti 11

Vumbi. Hakuna umeme toka jana.

Agosti 15

Suguti. Leseni yangu bado ina siku saba, nimeishika mkononi kama mtoto anayekwenda shule na barua ya mzazi. Nyumba nne za kwanza wamesema ulezi umeisha. Nyumba ya tano, kwa mzee Amos, niliuona kwa macho yangu, umeanikwa nyuma ya zizi.

"Mzee wangu, mimi bado naruhusiwa. Soma hapa."

Alisoma, maana alikuwa katekista. Akaikunja karatasi vizuri akanirudishia kwa mikono miwili. "Nakuamini, mwanangu. Lakini wewe utaondoka na karatasi yako, mimi nitabakigi hapa na maswali."

Alinipa mihogo ya kuchemsha, tukala. Alinisindikiza mpaka barabarani. Sijawahi kukataliwa kwa upole namna ile, na nilipofika kwenye gari nililia.

Bei imeanguka. Wanunuzi wa upande wetu hawaji, na wa hapa wanangoja ianguke zaidi. Nimeyasikia haya kwa wakulima watatu tofauti, na kila mmoja aliyasema kwa sauti ndogo.

Agosti 22

Leo imeisha. Nimepata magunia kumi na moja tu. Msimu uliopita yalikuwa themanini na zaidi.

Ulezi wa bibi Nyamburi bado unapurwa.

Agosti 24, Jumapili

Baada ya misa mama Dorotea alinikalisha jikoni kwake, akafunga mlango wa uani. Amefikiria wiki nzima. Yeye ni raia. Akate leseni kwa jina lake, mimi niendelee kununua, mbele ya watu mnunuzi awe yeye.

Nilimwambia sheria imemtaja hata raia anayemfunika mgeni. Faini, au jela miezi mitatu.

"Nani atanifunga mimi?" alisema. "Nina miaka sitini na nne. Na hii nyumba bila wewe nitakaa na nani?"

Ilinipasa kusema hapana. Nimeandika sentensi hiyo ili niione. Nilisema tumsaidie kwanza bibi Nyamburi, basi, mara moja tu, nimemwahidi. Kwa ahadi yangu kwa bibi Nyamburi nikaifunika tamaa yangu, na mzigo nikambebesha mama Dorotea.

Agosti 28

Kampeni zimeanza rasmi. Gari la matangazo limepita Nyasho mara tatu na muziki. Watoto wanacheza nyuma yake bila kujali ni la chama gani. Mimi nimefunga dirisha, kisha nikalifungua. Si kura yangu, lakini ni mtaa wangu.

Leseni ya mama Dorotea imetoka.

Agosti 30

Niandike kabla sijaanza kujipendelea.

Tulikodi kirikuu ya Bonifasi wa mtaani, kigari chake kidogo cha mizigo, yeye mwenyewe akiendesha. Mama Dorotea alivaa kitenge chake cha WAWATA, cha akina mama Wakatoliki, kana kwamba anakwenda kutoa ushuhuda. Njiani nilimfundisha: gunia, bei, mashine iko Kisii, jina la mwenye mashine. Alirudia kama mtoto wa mafundisho ya komunyo, na alipokosea tukacheka wote watatu.

Ulezi wa bibi Nyamburi ulikuwa tayari juu ya turubai, mwekundu, umepepetwa vizuri. Amefanya kazi ile na mguu wake. Tulianza kujaza. Nilikuwa na sindano mkononi, nashona kilemba cha gunia la pili, pikipiki ilipoingia uani. Leonardi, mtendaji. Alikuwa peke yake, na daftari kwapani.

Alisalimia kila mtu, mimi pia. Akauliza, "Mnunuzi ni nani?"

"Ni mimi," mama Dorotea akasema.

"Karibu sana, mama. Leseni unayo?"

Alimpa. Akaisoma yote, mpaka muhuri.

"Unaupeleka wapi ulezi?"

"Kisii."

"Kwa nani huko?"

Mama Dorotea alifungua mdomo. Jina lilikuwa limeondoka. Alinitazama, si kwa uso wote, kwa macho tu, na Leonardi akayafuata yale macho mpaka kwangu.

"Na gunia moja unalihesabuga kilo ngapi, mama?"

"Mia. Mia hivi."

"Hili hapa, na kilemba chake, ni mia?"

Nilisikia kuku wakidonoa punje kwenye ukingo wa turubai. Mimi niliyefundisha watoto kusimama na kujibu kwa sauti, nilikuwa nimeshika sindano nikitazama chini.

Leonardi alikunja leseni akamrudishia. "Mama, mama yangu mzazi ni rika lako. Unajua kwamba anayemficha mgeni kwenye biashara anafungwaga?"

"Nimesikia."

"Sasa mimi leo nimekuja kumsalimia bibi Nyamburi, mguu wake. Sijaona kitu. Lakini kesho nitakuwa nimeona." Akanigeukia mimi. "Dada, sheria sikuitunga mimi. Na siwezi kuiacha mlangoni nikiingia kwa watu."

Alipoondoka, Bonifasi aliyamwaga yale magunia mawili bila kuambiwa. Bibi Nyamburi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alisema, "Sasa ulezi wangu?" Nilimwambia nitarudi. Alitikisa kichwa, kwa adabu tu.

Tulipofika Makutano mama Dorotea aliomba gari lisimame. Alishuka akakaa kwenye jiwe, jasho linamtoka, mkono kifuani. Presha. Nilimpa maji, nikampepea na ile leseni, maana ndiyo karatasi iliyokuwa karibu. Jasho lilipokauka alisema, "Nilikuwa naliona jina langu linasomwa mahakamani."

Nilimwambia pole.

"Brenda, wewe ulinyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema chochote."

Aliinuka mwenyewe, akarudi garini.

Agosti 31, Jumapili

Hakwenda kanisani. Nimempikia uji, akanywa nusu. Nimemwomba ile leseni, nikairudishe kwa waliotoa au niichane, achague. Alisema, "Chana." Nimechana.

Septemba 3

Nilikwenda Bunda kumtafuta Stanislausi. Sikumwambia mtu. Ndani ya basi nilipanga maneno makali, nikayapanga tena, na nilipofika stendi sikuwa na hata moja.

Stoo yake iko nyuma ya soko, ina madirisha mawili na kalenda ya kampuni ya pamba ya mwaka juzi. Alinipa kiti, akaagiza soda. Nilimuuliza palepale: "Ni wewe uliyemwambia mtendaji?"

"Ni mimi."

Nilitegemea akane.

"Ningekuwa namchukia yule mama ningeenda polisi," alisema. "Nilienda kwa Leonardi kwa sababu najua Leonardi anaonyaga kwanza."

"Na mimi nimekukosea nini, Stanislausi?"

Alifikiri. Hakuwa na haraka, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Msimu wako wa kwanza mimi ndiye nilikubebea magunia. Siku ishirini. Ulikuwa unaniitaga kijana. 'Kijana, panga vizuri. Kijana, harakisha.' Mimi nina miaka thelathini na saba, dada, nina watoto watatu. Msimu uliofuata nikaja na leseni yangu, nikakuomba namba ya yule mama wa Kisii, na mimi nimpelekee kidogo. Ukasema tutaona. Nimengoja miaka mitatu nione."

Nilikuwa nimesahau. Nilitafuta kichwani, nikamwona: mtu mwembamba mwenye shati la bluu, anashuka kwenye lori na vumbi la ulezi kwenye nyusi. Sikuwahi kumuuliza jina. Nilipokuja kulijua, alikuwa mshindani, na nikamchukia kama mtu mpya.

Nilitoa simu, nikamsomea namba ya mama wa Kisii. Aliandika, akaitazama kama hasadiki.

"Nunua kwa mizani," nikamwambia.

Hapo alicheka kwa sauti. "Wewe ndiye unaniambia mimi?"

"Mimi ndiye. Mama wa Kisii analipa kwa kilo, siku zote. Kile kilemba kilikuwa changu. Yeye hakuwahi kukiomba."

Sijawahi kumwambia mtu hilo, hata shangazi. Stanislausi aliacha kucheka. Alikunywa soda yake mpaka mwisho, akaweka chupa chini.

"Na mimi nilikuwa nanunua lumbesa kwa sababu wewe ulikuwa unanunua," alisema. "Ningefanyaje?"

"Najua."

Nje mwanamke alikuwa anatangaza viatu vya mtumba. Kisha Stanislausi akaniuliza mimi nitapata nini. Nilisema sijui. Alisema mzigo ukivuka mpaka pale Sirari utahitaji mtu wa kuupokea Isebania, kuulipia stoo, kumjua mwenye gari. "Kule ndiyo nitakuwa mgeni mimi. Na wenzako wana hasira na sisi sasa hivi."

Nilimwambia nitafikiri. Nilipofika stendi nilikuwa nimeshafikiri.

Septemba 5

Nimemwambia mama Dorotea kwamba nitaondoka. Aliendelea kuchambua mchele. Baadaye nikamsikia anaimba wimbo wa kanisa, ubeti mmoja ule ule, mpaka jioni.

Septemba 9

Nilikwenda Butiama kusalimia tu. Stanislausi alikuja na kirikuu ya Bonifasi na mizani ya kuning'iniza, akasimika miti mitatu katikati ya uani. Leonardi alikuja kushuhudia. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya bibi Nyamburi, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja matanga.

Bibi hajui kusoma mizani, lakini anapima mavuno yake kwa kikapu kabla ya mnunuzi kufika, tangu alipokuwa ameolewa. Aliniambia mavuno ya mwaka huu ni sawa na ya mwaka jana, hayakuzidi hata kikapu kimoja. Mwaka jana nilimlipa magunia matano. Leo mizani imetoa sita, na kidogo juu.

Stanislausi alisoma namba kwa sauti. Hakunitazama. Namshukuru kwa hilo.

Walipokuwa wanapakia nilimwambia bibi, "Mimi nimekuwa nikila gunia lako moja kila mwaka."

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Si nilikuwa naona kichwa cha gunia? Nina macho." Alinyoosha mguu, akaukanda. "Lakini wewe ulikuwa unakuja. Mwaka wa njaa ya korona, wale wengine wote hawakuja. Wewe ulikujaga."

Ningependa kuandika kwamba maneno yale yalinipunguzia mzigo. Hayakupunguza. Alinisamehe kama alivyokuwa akiniuzia, kwa bei ndogo na nyongeza juu.

Bei bado iko chini, kwa hiyo gunia la sita halikufanya muujiza. Fundi amesema mabati yatatosha chumba cha kulala. Jikoni wataweka nyasi mpya. Nilitaka kuongeza ya upande wa jikoni kwa mfuko wangu, bibi akakataa kabisa, akasema mwaka kesho upo. Nikamwomba anikubalie angalau misumari. Misumari alikubali.

Septemba 14, Jumapili

Nyegina. Padri aliwaombea wagombea wote na wapiga kura wote. Kisha akawaombea wageni walio kati yetu. Kanisa zima likaitikia, na mama Dorotea aliitikia kwa nguvu kuliko wote, bila kugeuza shingo.

Septemba 19

Nimeanza kugawa vitu. Jiko la mkaa kwa jirani Ngolo na mkewe. Kitanda kinabaki.

Nimekuwa nikifikiri juu ya ule ukimya nilioupenda Julai. Nilidhani ni amani tu. Sasa nawasikia vizuri zaidi: mzee Amos aliyenirudishia karatasi kwa mikono miwili, bibi aliyeona kichwa cha gunia miaka minne, Stanislausi aliyengoja "tutaona" yangu. Watu hawa walikuwa wanasema wakati wote. Mimi nilizoea kwetu, ambako mtu akiumia utamsikia mpaka mtaa wa tatu, na nisiposikia kelele nikadhani hakuna aliyeumia.

Wala sisemi kwetu ni bora. Juzi Fred amezikwa na rafiki yake. Nimekosea, naandika usiku na macho mazito: Fred *amemzika* rafiki yake, kijana wa ile mitaa ya maandamano. Alinipigia akanyamaza kwenye simu dakika nzima. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Fred amenyamaza.

Septemba 27

Mama Dorotea alinisindikiza stendi ingawa nilimkataza. Alikuwa amebeba kikapu cha furu waliokaushwa, wale samaki wadogo wa ziwani, na hakutaka nikishike mpaka gari lije.

"Sitakaa peke yangu," alisema. "Recho wa dada yangu anakuja kutoka Suguti, amepata kazi mjini. Kwa hiyo usijione umeniacha."

"Sawa, mama."

"Lakini umeniacha."

Tulicheka, na yeye akawa wa kwanza kujipangusa. Nilimwambia kile nilichokuwa nimekibeba tangu Makutano: kwamba siku ile nilimwona anatafuta jina, na jina lilikuwa kwenye ulimi wangu, na niliogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi pia niliogopa," alisema. "Ila mimi niliogopa nikiwa mbele, wewe nyuma yangu." Kisha akanipa kikapu.

Isebania, Septemba 30

Chumba kimoja nyuma ya stoo. Upande huu wa mpaka hakuna anayeniita Mkenya, na mara mbili leo niligeuka niliposikia neno hilo kwa mbali, kwenye redio.

Oktoba 4

Mzigo wa kwanza wa Stanislausi umefika na karatasi zake zote. Nimepima kila gunia. Yote yako sawa, moja limezidi kilo mbili. Nimempigia kumwambia. Alisema, "Andika mbili, dada." Nimeandika.

Mawingu mazito upande wa ziwa, hayajafika huku.

Oktoba 11

Leo ni siku ya soko. Nilikwenda kununua kamba, nikasikia kelele upande wa samaki. Vijana watano au sita walikuwa wamemzunguka mwanamke aliyetandika turubai ndogo ya dagaa chini. Mmoja alikuwa amekanyaga ukingo wa turubai na kiatu.

"Si mmetufukuza kwenu? Sasa omena yenu mrudishe kwenu!"

Mwanamke yule alikuwa anakusanya dagaa kwa viganja, taratibu, anawarudisha kwenye ndoo, na uso wake ulikuwa umefungwa kabisa. Niliujua ule uso. Watu wengi walisimama kutazama. Muuza vitunguu wa karibu alijifanya anahesabu vitunguu.

Nikasema, "Toa kiatu."

Kijana aligeuka. "Mathe, hii haikuhusu."

"Inanihusu. Mimi ndiye niliyefukuzwa." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotegemea, sauti ya darasani. "Miaka mitano nimekula kwao, nimelala kwao, nimefanya biashara kwao. Leseni yangu iliisha Agosti. Nyinyi nani kawafukuza? Wewe umewahi hata kuvuka hapo Sirari?"

Mtu mmoja alicheka nyuma. Kijana alisema kitu kuhusu serikali yao.

"Basi kaitafute serikali. Huyu ni mama anauza dagaa. Toa kiatu."

Alikitoa. Hawakuondoka mara moja, walizunguka wakitukana kidogo, kisha mmoja akapigiwa simu na wengine wakamfuata. Nikakaa palepale chini, kando ya turubai.

Mwanamke alinitazama. "Wewe unaongeaga kama mtu wa Nyasho," alisema.

"Nilikuwa nakaaga huko. Wewe wa wapi?"

"Mwigobero, hapo hapo Musoma. Naitwa Grace."

Alianza kuwatoa tena dagaa kwenye ndoo, nami nikamsaidia kuwatandaza. Muuza vitunguu alikuja akanunua bakuli mbili bila kutazama mtu usoni, na baada yake wakaja wengine. Walikuwa wakisema omena, Grace anajibu dagaa, na wanaelewana. Saa kumi na moja ndoo ilikuwa tupu. Tulikung'uta turubai, nikashika ncha mbili na yeye mbili, tukaikunja.

Aliuliza kama akija tena Jumamosi ijayo wale watakuwepo. Sikutaka kumdanganya, nikasema huenda. Nikamwambia aje mapema, nitakuwa nimeshafika, nimemshikia nafasi.